Tairi la Luan Juani

Mumewe alipokufa, Thoa aliachiwa pampu ya mkono ya kujazia matairi na kona ya barabara, pale mji wa mlimani wa Da Lat unapoanza kuteremka kwenda Phan Rang, pwani. Nyumba ndugu wa mume waliichukua kabla siku mia za matanga hazijatimia.

Kona nayo, shemeji yake Khoat aliitamani miaka sita. Hakuiomba waziwazi. Alipita kwa wateja akiwanong'oneza kwamba vali za Thoa ni mbovu, na watu hawachoki kuamini mabaya ya mjane. Malalamiko mawili yalikwisha kumfikia mwenyekiti wa mtaa, naye akasema la tatu likija, kona ni ya Khoat.

La tatu alikuja nalo Luan, mbeba maua. Jana alfajiri Thoa alimjazia tairi la nyuma likakaza, akateremka na mzigo wake wa waridi. Leo asubuhi, baada ya kurudi na pikipiki kulala nyumbani Da Lat kwenye baridi, tairi lilikuwa limelegea kama andazi la juzi. Akaisukuma mpaka konani. Khoat, aliyemwona njiani akisukuma, alikuwa keshafika, na mwenyekiti kamleta.

"Dada Thoa, uliniuzia upepo au maneno?" Luan akauliza.

"Upepo wa shemeji yangu hauwezi safari," Khoat akasema. "Unashikwa na kizunguzungu."

Thoa akachukua spana. Alilifungua gurudumu, akalizamisha kwenye beseni la maji, akalizungusha polepole, vali na yote. Hakikutoka kipovu hata kimoja. Ndipo akamuuliza Luan alilifanya nini tairi hilo huko chini.

Luan akaeleza bila wasiwasi. Phan Rang jua lilikuwa la kukaanga, na tairi alilikuta gumu kama jiwe. Akafanya wanavyofanya wabeba maua wote: akabonyeza vali, akatoa upepo mpaka likawa laini kiasi.

"Basi mwizi wako ni wewe," Thoa akasema.

Hakukanyaga shule, lakini mikono yake ilikuwa na miaka ishirini ya matairi. Akawaambia kwamba upepo ukipata joto hutaka nafasi zaidi, na tairi halina nafasi ya kuupa, kwa hiyo husukuma kila upande. Ukipoa hutulia. Ni uleule, haujazidi wala kupungua. Anayeutoa ukiwa moto, baridi ikija atabaki na pungufu.

"Hadithi," Khoat akasema.

Thoa akajaza tairi, akawaonyesha geji ya kupimia upepo: thelathini na tatu. Akalilaza juu ya bati, juani.

"Keti ulilinde, mwenyekiti. Na wewe shemeji keti, usije ukasema nimeongeza."

Wakaketi. Saa sita mchana geji ilisoma thelathini na saba. Wakalihamishia kivulini, wakalifunika gunia bichi, na baada ya muda ikarudi karibu palepale pa asubuhi. Mwenyekiti alipima mwenyewe, mara mbili. Kisha akasema kona ibaki kwa Thoa, na maneno ya vali asiyasikie tena.

Khoat akaondoka bila kuaga. Luan alisimama akikuna shingo. Thoa akamsukumia gurudumu na spana, akamwacha alifunge mwenyewe.