Picha ya Treni kwenye Shamba la Mtama

Nilifukuzwa kazi siku ya kwanza, saa tatu asubuhi, na kufika saa tatu na nusu nilikuwa nimeajiriwa tena. Kosa langu lilikuwa vidole. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne juzijuzi tu, nimekula muhogo wa kukaanga njiani, nikaingia dukani, nikachomoa sidii kwenye kasha na kuishika usoni kama mtu anayeshika kitumbua. Mwenye Duka hakupandisha sauti. Alisema, "Toka. Kanawe mikono kwa sabuni. Ukirudi utashika ukingoni na tunduni tu. Ukiona huwezi, usirudi."

Nilinawa bombani nyuma ya duka huku natukana kimoyomoyo, kisha nikarudi.

Naandika haya kwa ajili yenu mliozaliwa mkakuta kila kitu kimo kwenye simu. Nina miaka thelathini na tatu, nina watoto wawili, mdogo ananyonya hapa hapa ninapoandika, na nimestaafu. Mnaocheka, chekeni mmalize. Kazi ikifa, aliyekuwa akiifanya amestaafu hata kama hana mvi. Tena nina hasira, niseme mapema, kwa sababu kila nikieleza nilikuwa nafanya kazi gani, mtu ananijibu, "Aa, ulikuwa unaangalia picha." Sikuwa naangalia picha. Nilikuwa mtunzaji.

Duka lilikuwa Singida mjini, chumba kimoja chenye rafu hadi darini. Kwa haki yake nyingi zilikuwa dividii, lakini kwetu kila kitu cha duara kinachong'aa kiliitwa sidii, na sitabadilisha sasa. Mbele zilikaa za kuazimisha, za ngumi na za mapenzi, ambazo watu walizichukua asubuhi na kuzirudisha zimelambwa na watoto. Nyuma, kwenye kabati lenye kufuli, ndiko lilikokuwa duka lenyewe. Humo Mwenye Duka aliweka picha za zamani, zile za rangi nyeusi na nyeupe, za Kihindi, za Kizungu, za Kijapani, ambazo kampuni zilizotengeneza zilizitoa upya kwenye sidii, zimesafishwa sauti na sura. Hizo hazikuazimwa. Alikuwa akizikusanya.

Miezi mitatu ya mwanzo nilikuwa mpangusaji. Ndicho kilichokuwa cheo changu. Sidii inapanguswa kutoka tunduni kwenda ukingoni, mstari ulionyooka, kamwe usizungushe kitambaa. Nilimuuliza kwa nini, akaniambia deki husoma kwa kuzunguka. Mkwaruzo uliokatisha, deki inauruka kama mtu anavyoruka mfereji. Mkwaruzo uliofuata mzunguko, deki inatumbukia humo na haitoki. Ukiona mkwaruzo, unachukua dawa ya meno, ile nyeupe isiyo na chembechembe, unapaka kidogo, unasugua taratibu kwenda ukingoni, unaosha kwa maji. Nilinuka dawa ya meno hadi kanisani.

Kisha nikafundishwa kutazama mgongo. Ya kiwandani ina mgongo wa fedha, safi kama kioo. Ya kuchoma, yaani iliyonakiliwa kwenye kompyuta, ina mgongo wa zambarau. Ya kuchoma ukiiacha juani msimu mmoja inasahau kila kitu. Ya kiwandani, jua haliiwezi kirahisi. Shikeni hapo, mtalihitaji mbele.

Baada ya mwaka nilihamishiwa tawi la Iguguno, chini ya Msimamizi. Msimamizi alikuwa mama mmoja mnene, mkali, mwenye kicheko cha kutisha kuku. Tawi lenyewe lilikuwa meza chini ya mwavuli kando ya barabara kuu, mahali malori yanaposimama madereva wale. Kazi yetu ilikuwa madereva. Hao ndio waliotoka na picha bandarini, mijini, hata nje ya mipaka, wanaangalia kwenye deki ndogo za kwenye gari, wanachoka nazo. Sisi tulizibadilisha. Sheria ya Mwenye Duka ilikuwa moja: humchukulii mtu picha bila kumwachia picha. Ukikosa ya kumwachia, mwachie jogoo.

Msimamizi alikuwa hodari. Dereva akishuka tu, anamwita baba, anamuuliza njia, anamwekea ugali, halafu anasema, "Hiyo ya zamani ya watu weusi na weupe inakusinzisha usukani. Utaanguka. Nipe mimi, chukua hii ya ngumi uamke." Na wanampa. Nikajifunza kwake kwamba picha haiitwi jina lake. Wateja hawakujua majina ya kigeni, wala sisi. Kwenye daftari niliandika Mama Haonekani, Mlevi wa Mvuani, Jicho Bovu. Hayo majina yalitosha watu kupigania.

Ni hapo Iguguno tulipoipata Treni Haisimami.

Lazima nieleze picha hii. Mwenye Duka aliiona mara ya kwanza akiwa kijana, hapo hapo Iguguno, wakati gari la sinema lilipopita na kutundika shuka uwanjani. Alikaa chini karibu na binti asiyemjua. Ndani ya picha, mkuu wa stesheni ndogo anamngoja mkewe aliyeondoka kwa treni, na kila treni inapita bila kusimama. Binti yule alilia, Mwenye Duka akampa leso, na leso hiyo ilimfanya baadaye apeleke mahari. Tangu hapo alikuwa akiitafuta picha ile. Alifungua duka kwa sababu yake, ndivyo alivyotuambia. Siku dereva mmoja alipoitoa chini ya kiti, ya kiwandani, mgongo wa fedha, na kasha lenye treni nje, Msimamizi alinishika mkono hadi ukauma. Tulimpa dereva sidii sita za ngumi, majogoo wawili na asali. Nilimpelekea Mwenye Duka mimi mwenyewe. Aliipokea ukingoni na tunduni, akaniambia, "Kuanzia leo, wewe ni Mtunza Kabati."

Nilitunza kabati miaka minane. Zikaja simu, zikaja kadi ndogo za kuwekewa picha mia kwa mpigo, wateja wakapungua mpaka tukawa tunasalimiana sisi kwa sisi. Msimamizi alirudi kwenye alizeti zake. Siku ya kufunga, Mwenye Duka alizipanga picha za kabati kwenye sanduku langu la bati, juu akaweka rundo la zambarau zilizobaki rafuni. Alisema nyumbani kwake kuna wajukuu wenye vidole. Kwangu wakati huo hakukuwa na mtoto. Nikaenda nalo kwa mume, Unyambwa, na mashangazi walidhani ni vyombo.

Na msiniambie kwamba picha hizo zote zipo kwenye simu. Hazipo. Treni Haisimami nimeitafuta mpaka kifurushi kikaisha. Haipo.

Sasa mwaka huu nilijifungua mtoto wa pili kwa upasuaji, nikalala hospitali siku kadhaa. Mama mkwe alikuja kutoka Misigiri kunisaidia uzazi, na kwa kweli alinisaidia, alipika uji, alifua, alisafisha nyumba hadi mvunguni. Akarudi kwake, nami nikamshukuru. Wiki chache baadaye Mwenye Duka akapiga simu. Mkewe, yule binti wa leso, alikuwa amefariki mwaka jana. Alisema anakuja Jumapili kumwona mjukuu, yaani mwanangu. Kisha akasema, "Uniwekee ile ya treni. Tangu mama yenu aondoke sijaiweza. Sasa naiweza."

Nikafungua sanduku. Makasha yamepangwa, yamefutwa vumbi, yanapendeza. Ndani hamna kitu. Kilichobaki ni zambarau tu.

Nilimpigia mama mkwe. Nilisalimia, shikamoo yangu ilikuwa kavu kama gunzi, nikauliza sidii ziko wapi.

"Ziko kazini, mama Upendo," akasema. "Huko kwako zilikuwa zimelala. Huku zinaamia ndege."

Alikuwa amezitundika shambani. Kwelea kwelea walikuwa wameshamaliza mtama wa jirani, na kila mtu Misigiri anajua ndege huogopa kinachometameta. Mama mkwe ni mtu makini. Alizichagua moja moja dirishani. Zinazong'aa sana, za fedha, akachukua. Za zambarau akaziona hafifu, akaniachia.

Nilipiga kelele. Mume wangu alitoka nje akajifanya anaangalia banda la kuku. Miaka minane napangusa, nanuka dawa ya meno, mtu ananiambia naangalia picha, na leo kazi yote ya maisha yangu inafukuza ndege! Kesho yake nilimfunga mtoto mgongoni, nikabeba zambarau zote kwenye mfuko wa sandarusi, nikaenda Misigiri.

Shamba nililiona kabla ya nyumba. Lilikuwa linawaka. Kila mstari wa mtama una kamba, kila kamba ina sidii, upepo ukipita shamba zima linakonyeza. Na nilivyokuwa na hasira vile, niliona ni zuri, nikazidi kukasirika.

Mama mkwe alinipokea mtoto, akanitazama usoni, akasema mapema kuwa akizitoa, ndege watashuka siku hiyo hiyo, na mtama ule ndio uji wa hawa watoto hadi mwakani. Hapo alinipata. Alikuwa na haki yake. Nikakumbuka sheria ya duka. Nikamwaga mfuko chini.

"Sikuchukulii bila kukuachia, mama," nikamwambia. "Hizi zinang'aa, ila hukujua kuzifunga. Zifunge mbili mbili, mgongo nje pande zote. Zitaogofya hata watu."

Tulishinda shambani tunabadilisha, yeye anafunga mimi nafungua. Kitu kimoja kilinipoza: hakutoboa hata moja. Sidii huzaliwa na tundu, kamba ikapita humo. Na jua lililowaka wiki zile zote lingezimaliza zambarau mapema kabisa, ila alizichagua za kiwandani. Kosa lake lilikuwa limechukua zile pekee ambazo jua haliziwezi, lakini sikumwambia. Kuna mambo mkwe huhitaji muda kuyasema.

Tulimaliza mistari yote. Treni haikuwamo.

Nilikaa chini kwenye udongo. Mama mkwe akauliza inafananaje, nikamwambia ina treni nyeusi usoni. Akapiga paja. "Ile nzuri? Ile nilimpa huyo," akaonyesha katikati ya shamba. Palikuwa na sanamu la kutishia ndege, limevaa shati ambalo mume wangu alivaa siku ya kunitolea mahari, nalo lina macho mawili ya sidii. Treni lilikuwa jicho la kushoto. Upepo ulikuwa umelisugua kwenye mti wa kichwa, duara kwa duara. Mkwaruzo uliofuata mzunguko.

Niliisafisha Jumamosi nzima kwa dawa ya meno, kutoka tunduni kwenda ukingoni. Sikuijaribu. Sidii mgonjwa huichezeshi mara mbili.

Jumapili alasiri Mwenye Duka alifika na kanzu nyeupe na fimbo, akamshika mtoto kwa uangalifu ule ule wa kushika sidii, nikacheka. Mama mkwe naye akatokea na unga wa mtama, eti alikuwa anapita. Hakuna mtu anayepita Unyambwa kwa bahati mbaya na kilo kumi kichwani. Nikaweka picha. Stesheni ikaonekana, mkuu wa stesheni akafuta kengele yake. Mwenye Duka akasogea mbele kwenye kiti.

Katikati, mke akiwa mlangoni na sanduku, ikaganda.

Nilinyanyuka, akanizuia kwa mkono. Akauliza mkwaruzo huo ni wa nini. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu tangu Misigiri, na yalikuwa mengi. Mama mkwe akanitangulia.

"Ni mimi, baba. Niliitundika shambani kufukuza ndege."

Mwenye Duka akamtazama. "Walikimbia?"

"Walikimbia."

"Basi ndiyo yenyewe," akasema. "Siku ya shuka pale Iguguno, treni ilipokuja mbele, waliokaa mbele wote walikimbia. Tulibaki wawili."

Halafu, picha ikiwa imeganda vile vile, akaanza kuisema. Sauti ya mume, sauti ya mke, filimbi ya treni, mvua, hadi mbwa wa stesheni. Aliijua yote. Upendo, binti yangu wa miaka mitano asiyetulia hata kwenye katuni, alikaa kimya kwenye mkeka. Mama mkwe alisahau karanga mkononi. Alipofika pale mke anapogeuka dirishani, Mwenye Duka alitoa leso, akaendelea. Na deki, sijui kwa nini, ikakohoa, ikaruka, ikaendelea yenyewe palepale alipofika.

Hayo ndiyo ninayoweza kuwaambia kuhusu kazi yangu. Hatukuwahi kuwa na pensheni wala hafla ya kuagwa. Lakini nilikuwa na kabati, na bado ninalo, na picha moja yenye kovu ambayo hakuna simu inayoweza kuionyesha. Nimestaafu nikidhani nimebaki peke yangu.

Picha ilipokwisha, Mwenye Duka alishikana na kila mtu mkono, akaomba maji. Mama mkwe hakuinuka. Aliuliza kama mke wa mkuu wa stesheni alirudi kweli au mumewe aliota tu, hatukumjibu, ni vizuri mtu aiangalie tena. Basi akasema Misigiri kuna deki ya mdogo wake, je, naweza kumwazima picha siku mbili. Akanyoosha mkono kuelekea kasha, vidole vimejaa mafuta ya karanga.

Nilimtazama Mwenye Duka. Mwenye Duka alitazama dari.

"Mama, shikamoo," nikasema. "Kanawe mikono kwanza. Kwa sabuni."

Akanikazia macho kitambo, mimi nikayakazia yangu. Kisha akajitikisa karanga mapajani, akainuka, akaenda bombani. Aliporudi mikono yake ilikuwa inadondoka maji. Akaipangusa kwenye khanga, akaichukua sidii ukingoni na tunduni, akaigeuza dirishani, akauliza hapo penye kovu anapitishaje kitambaa.