Nusu ya Kidonge

Mume wangu alikuwa fundi cherehani mjini Kasongo, enzi za Wabelgiji, na sijapata kuona mtu mwenye kushuku kama yeye. Kwetu desturi ni kwamba anayekupa kinywaji hukionja kwanza mbele yako, ili kutoa sumu. Kwa wengine ilikuwa adabu tu ya siku za wageni. Kwake ilikuwa ya kila kikombe cha maji. Mke wake wa kwanza alikuwa amekufa ghafla, na katika ukoo wao hakuna aliyekubali kwamba mtu anaweza kufa bila mkono wa mtu. Mimi ndiye niliyeolewa nafasi yake, basi mkono uliotazamwa ulikuwa wangu.

Kichwa kikaanza kumwuma kila asubuhi, na siku moja damu ya pua ikadondokea kanzu ya arusi ya mteja. Nikamwambia twende hospitali. Alikataa. Mtaani walisema kule wanapima damu ya watu weusi wajue nani anayo nyingi ya kuchukuliwa. Mwishowe akakubali kwa sharti moja, kwamba nitangulie mimi.

Muuguzi, Mwafrika mwenzetu, alicheka, akanifunga mkononi kile kitambaa cha kujazwa upepo. Kikabana, kikalegea. Akasema mimi ni mzima. Mume wangu alinitazama kitambo kuona kama nitaanguka, ndipo akakunja mkono wa kanzu. Safari hii muuguzi hakucheka. Alipima mara tatu, akamwita dokta Mzungu naye apime. Tukaelezwa kwamba damu yake inasukuma mishipa kwa nguvu mno, na asipotunzwa mshipa unaweza kupasuka kichwani, apooze au afe. Apunguze chumvi, na kila asubuhi ameze kidonge kimoja, pengine maisha yake yote.

"Mutu anakunywa dawa akiwa mugonjwa," aliniambia njiani. "Ile ya kunywa siku zote iko dawa gani?"

Swali lake lilinikera mimi pia.

Dada yake akashuka kwenye lori la pamba kutoka Kabambare, kuja kumwangalia mgonjwa. Kuniangalia mimi, afadhali niseme. Asubuhi ya kwanza nilipotoa kidonge, aliketi mbele yangu.

"Wifi, maji umeonja. Na dawa je?"

Kidonge hakionjwi kama chai. Nikachukua wembe wa kufumulia nyuzi, nikakikata katikati, nikameza nusu, nikampa mume wangu nusu. Wifi akaniambia niinue ulimi. Nikainua. Hasira niliyokuwa nayo ingechemsha chungu cha mihogo.

Ikawa hivyo kila siku. Tukirudi kupimwa, damu yake bado iko juu. Muuguzi naye akaanza kutushuku: vidonge vinakwisha kwa hesabu yake lakini damu haishuki, labda tunaviuza sokoni Nyangwe. Ningeweza kumwambia palepale. Lakini ningesemaje mbele ya foleni ya watu kwamba mume wangu ananionjesha kama mchawi? Nikanyamaza kwa kiburi, na kiburi hicho sijakisamehe.

Nami nilikuwa na yangu. Pua iliziba, mwili ukalegea, nikawa nalia bila sababu. Nikakishuku kidonge. Nikamshuku muuguzi. Hata uji aliopika wifi nikaacha kuunywa. Nyumba nzima tulikuwa tunatazamana vikombe.

Siku moja nilikuwa nimeinama napepeta mchele. Niliposimama nikaona giza, nikaanguka na ungo wangu. Wifi hakuniinua. Alimgeukia kaka yake kwanza.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema. "Sumu yake imemurudilia mwenyewe."

Mume wangu alichukua kichupa cha vidonge, akaenda kukimwaga chooni.

Siku ya nane cherehani ilinyamaza katikati ya mshono. Nilimkuta ameegemea meza, mdomo umekwenda upande, mkono wa kuume unaning'inia.

Hospitali muuguzi alianza kunigombeza, na safari hii nikamweleza yote: wembe, nusu, ulimi. Akakaa kitini, hasira imemtoka.

"Mama, ile nusu yako ndiyo ilikuangusha," alisema polepole. "Na nusu yake haikumutosha. Hii iko dawa ya mutu moja."

Wifi alikuwa amesimama mlangoni. Alisikia.

Kesho yake muuguzi alinipa kidonge kizima cha mume wangu na kikombe cha maji. Kwa mazoea nikakipeleka kinywani mwangu kwanza. Mume wangu akanishika kwa mkono wa kushoto, akauvuta mkono wangu kwake, akafungua kinywa kadiri alivyoweza. Nikamwekea kidonge. Wifi akakichukua kikombe, akaonja maji yeye mwenyewe bila kuombwa, kisha akanipa nimnyweshe.

Mume wangu aliishi miaka mingi baada ya hapo, ila hakushona tena. Kila asubuhi alifungua kinywa bila kuuliza swali, nami kila asubuhi nilimpenda na kumkasirikia kwa pamoja. Kuaminiwa ndiko nilikokutamani tangu siku ya ndoa, na kulinijia kwa bei ya mkono wake wa kuume.