Neno Nililolikwangua kwa Wembe

Kabla sijaeleza lolote, nitenganishe mambo mawili ambayo watu wa kwetu Simiyu hupenda kuyachanganya. Yako niliyoyaona kwa macho yangu na kuyagusa kwa mkono wangu, mchana, nikiwa na akili timamu, bila homa na bila kinywaji. Yako pia niliyoambiwa na wengine. Haya ya pili ni machache, na kila nikiyafikia nitakuambia wazi kwamba ni ya kuambiwa. Nimekuwa bwana mifugo kwa sehemu kubwa ya maisha yangu. Nimesoma chuo, nimefundisha, nimeandika ripoti ambazo wakubwa wangu walizisaini bila kugusa nukta. Habari za watu wanaogeuka fisi nimezisikia tangu utotoni na sikuwahi kuzipa nafasi. Ukiona leo naandika jambo linalozikaribia, ujue sikupenda kuliandika. Majina nimeyabadilisha, na sababu utaiona mwenyewe.

Baada ya kustaafu niliajiriwa na mtu mmoja mwenye bustani ndogo ya wanyama nje ya mji wa Bariadi, upande wa kwenda Dutwa. Palikuwa na swala, mbuni, nyani, kobe, na fisi wawili walioletwa pale wakiwa wakubwa tayari. Kazi yangu ilikuwa kusimamia uzazi: nani akae na nani, nani atengwe na lini, na kuandika yote katika daftari moja kubwa lenye jalada gumu. Siku ya kwanza niliweka sheria. Hakuna mkono mwingine utakaoandika humo ila wangu. Mtunzaji ataniambia kwa mdomo alichokiona, nami nitapima kama kinastahili wino.

Aliyewatunza fisi alikuwa Nkwabi, mtu wa Kimali, wa miaka hamsini na kitu. Aliishia darasa la nne, lakini alikulia nyuma ya ng'ombe, na mtu wa namna hiyo huona mambo ambayo wenye vyeti hupita bila kuyaona. Hilo nalisema sasa. Wakati ule nisingelisema.

Kila asubuhi alifika kwenye wavu na ndoo ya maji, akamsalimu yule fisi mkubwa, mwenye sikio la kushoto lililopasuka: "Mwangaluka, mayu." Ndivyo sisi Wasukuma tunavyomwamkia mama.

"Nkwabi," nilimwambia siku moja, "huyo ni dume. Unamwitaje mama?"

"Dume gani, bwana mifugo, anayekula wa kwanza na mwenzake anasubiri pembeni mpaka ashibe?"

"Dume yeyote mwenye nguvu."

"Basi fisi hujakaa nao. Kwao mwenye mji ni mwanamke." Akacheka. "Kama kwangu tu."

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimemkagua mnyama yule kama nilivyokagua ndama maelfu: niliinama, nikaona nilichokiona, nikaandika *dume*. Yule mdogo nikamwandika *jike*. Sikuwa nimesomea fisi. Nilisomea ng'ombe, mbuzi na kondoo. Kwamba fisi jike ana maumbile ya nje yanayofanana kabisa na ya dume, na kwamba jike ndiye huwa mkubwa, ningeyajua kwa kuuliza swali moja. Nimuulize nani? Mtu wa darasa la nne?

Asubuhi moja tukamkuta mtoto bandani. Fisi huzaliwa macho wazi, na huyu alitutazama, mweusi, amelowa. Yule mkubwa alikuwa amemshika shingoni kwa meno. Kanuni niliijua: dume aondolewe haraka asije akamdhuru mtoto, mama abaki naye. Nikaagiza mkubwa ahamishiwe banda la pili, nyuma ya stoo ya majani.

Nkwabi alisimama mbele ya lango akashika kufuli. "Baba, huyu ndiye aliyezaa. Nimeona chuchu zake zimejaa. Mwangalie tena, nakuomba."

"Daftari linasema dume."

"Daftari umeliandika wewe."

"Na wewe umesomea wapi?"

Aliachia kufuli. Akamhamisha, kwa sababu nilimwagiza.

Mtoto alikufa siku ya tatu. Nilimpasua mwenyewe kwenye meza ya nyuma, na tumbo lake lilikuwa tupu kabisa, hata tone la maziwa halikuwemo. Nilinawa mikono, nikaenda banda la pili, nikachuchumaa kama nilivyopaswa kuchuchumaa tangu mwanzo. Yule mkubwa alikuwa amesimama kwenye kona iliyo karibu na banda la zamani. Chuchu zake mbili zilikuwa zimevimba, zinadondosha.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo aibu yangu ilipo, wala si pale kwenye kosa. Kosa hutokea. Nilirudi ofisini, nikafunga mlango, nikachukua wembe. Nilikwangua neno *dume* polepole mpaka wino ukatoka, nikaandika juu yake *jike*. Kisha nikamwandikia mwenye bustani kwamba mtunzaji alihamisha mnyama bila kuagizwa. Nkwabi aliitwa, akaulizwa mara moja tu, naye akanitazama mimi badala ya kumtazama aliyemuuliza. Jioni ile alifunga godoro lake nyuma ya baiskeli akaondoka.

Haya yote yana mashahidi na karatasi. Linalofuata halina shahidi ila mimi.

Ilikuwa majuma machache baadaye, msimu wa kuuza pamba. Wafanyakazi wengi walikuwa wameomba ruhusa kupeleka marobota yao kwenye ghala la ununuzi. Ilikuwa saa saba mchana. Watu husimulia mambo ya namna hii kuwa ya usiku wa manane. Kwangu mimi bati la ofisi lilikuwa linalia kwa joto, na kivuli changu kilikuwa chini ya miguu yangu.

Mwanamke akaingia bila kubisha. Alikuwa mrefu, mabega mapana, miguu pekupeku. Kitenge kilichopauka kilimfunika kichwa na kifua. Akakaa kwenye benchi la wageni.

"Mwadila, baba," akaniamkia kwa salamu yetu ya mchana.

"Mwadila, mayu. Karibu. Una shida gani?"

"Nimekuja kuangalia mwanangu alivyoandikwa kwenye kitabu."

Nilidhani ni ndugu wa Nkwabi aliyekuja kulalamika. Nikakaza uso. "Wewe ni nani wa Nkwabi?"

"Jina lake silijui. Ni yule aliyekuwa akiniletea maji na kunisalimu?"

"Mayu, hapa tunaandika wanyama, hatuandiki watoto wa watu. Mwanao yupi?"

"Uliyempasua tumbo."

Unafikiri nilipiga kelele? Hapana. Mtu aliyezoea ofisi hujitetea kwanza kwa utaratibu. Nilimwambia kwamba daftari si la kuonyesha kila mgeni, kisha nikaongeza, kwa dharau ambayo hata sasa naionea haya: "Hata nikikupa, unajua kusoma?"

"Sijui," akasema. "Wewe ndiye unayejua. Nisomee."

Nikafungua. Sijui kwa nini nilifungua. Nikasoma kwa sauti: mnyama namba tatu, jike, sikio la kushoto limepasuka, amezaa mmoja, mtoto amekufa kwa uzembe wa mtunzaji. Nilipofika kwenye sikio sauti yangu ilipungua, kwa sababu kitenge kilikuwa kimeteleza nyuma. Sikio lake la kushoto lilikuwa limepasuka toka juu mpaka katikati, pale pale nilipopaandika mimi. Sikulipima. Nililiona.

Alinyoosha kidole akakiweka juu ya neno *jike*. Kumbuka alikwisha sema hajui kusoma, na ukurasa ule una maneno zaidi ya mia.

"Hapa karatasi ni nyembamba," akasema. "Palikuwa na nini?"

"Kosa la wino."

"La nani?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema kweli mbele ya mtu mmoja, chumba kitupu, bila gharama yoyote. Nikasema: "La Nkwabi."

Hakukasirika. Hakucheka. Alitikisa kichwa kama mtu aliyepata alichokuja kuchukua, akasimama. "Basi nimelisikia kwa mdomo wako."

Aliposimama niliona kitenge chake mbele kimelowa, madoa mawili, moja kila upande. Benchi nalo lilikuwa na majimaji meupe. Alipotoka niliyagusa na kuyanusa. Yalikuwa maziwa, si ya ng'ombe wala ya mbuzi. Maziwa hayo nimeyanusa maisha yangu yote na nayajua.

Hakwenda langoni. Alipita njia ya mabanda, akachechemea kidogo, akapinda nyuma ya stoo ya majani. Nilimfuata mbio, kadiri umri unavyoruhusu. Nyuma ya stoo hapakuwa na mtu. Palikuwa na banda la pili tu, kufuli limefungwa, ufunguo uko mfukoni mwangu, na ndani yake yule fisi amesimama kwenye wavu, anahema, chuchu zinadondosha.

Niliinama kutafuta nyayo. Toka ofisini mpaka kwenye kona zilikuwepo nyayo za mtu pekupeku, zinaonekana vizuri. Baada ya kona ardhi ni changarawe na haishiki alama. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba mwanamke aligeuka fisi. Sikuliona hilo. Mlinzi wa lango aliniambia hakumfungulia mtu mchana ule. Hilo ni lake, mimi sikuwa langoni.

Ungetegemea nikimbilie Kimali kesho yake? Nilikaa wiki nzima. Katika wiki hiyo nikaletewa habari kwamba majirani wa Nkwabi wanasema amefukuzwa kazi kwa sababu ya urafiki wake na mbiti, ndiyo fisi kwa Kisukuma, na unajua mtu akisemwa mchawi namna hiyo kwetu maisha yake yako wapi. Wapo waliouawa kwa kusemwa tu. Nikajiambia ni uvumi, na mimi siamini uvumi. Hivyo ndivyo elimu yangu ilivyonisaidia kukaa kwenye kiti.

Siku ya nane nilipanda basi mpaka Mwandoya, na toka hapo pikipiki. Nilimkuta Nkwabi kwenye josho la kuogeshea ng'ombe. Mifugo ya wengine ilikwisha ogeshwa ikaondolewa. Yeye alikuwa peke yake na ng'ombe wake, wa mwisho, kwenye maji yaliyokwisha kuwa tope. Wanaume wengine walikuwa wamekaa mbali, wamempa mgongo. Hapo sikuhitaji kuambiwa.

Nilianza kumweleza: daftari, wembe, barua. Alinikatiza.

"Mimi unanieleza nini, bwana mifugo? Mimi nilikuwepo." Akaelekeza fimbo kwa wale wanaume. "Waeleze wale. Nami nataka nisikie."

Nilikwenda. Nilisimama mbele ya watu ambao wengine niliwahi kuwachanjia ng'ombe, na ambao mpaka dakika ile waliniamkia kwa heshima, nikawaambia kwamba niliandika uongo na kumtwika mtu asiye na kosa.

Mzee mmoja aliniuliza, "Kwa hiyo alitolewa kazini kwa kosa lako, si kwa mambo ya mbiti?"

"Kwa kosa langu."

"Umri huo wote na shule hiyo yote," akasema. "Na nini kimekuleta leo?"

Nilitazama chini. Kama ningemtaja yule mwanamke, ningemmaliza Nkwabi papo hapo: fisi wanakuja kumtetea kwa miguu miwili! Nikasema, "Dhamira." Ilikuwa nusu ya jibu; nusu nyingine niliificha, na mara hiyo pekee nilificha kwa ajili ya mtu mwingine.

Yule mzee aligeuka akamwambia Nkwabi kwa sauti ya kawaida, "Wiki ijayo njoo mapema, tuogeshe pamoja." Nkwabi akaitikia. Mimi hakuniambia amenisamehe, nami sikuuliza.

Niliandika barua ya pili kwa mwenye bustani, nikaacha kazi. Katika daftari sikukwangua tena. Nilipiga mstari mmoja juu ya maneno ya uongo ili yasomeke, nikaandika ukweli chini yake na jina langu kamili. Wewe unayesoma, kama kalamu umepewa wewe na macho amepewa mwenzako, muulize kabla hujaandika. Ukiisha kuandika, usishike wembe. Pale ulipokwangua patajulikana, na huwezi kuchagua atakayekuja kupagusa.

Nkwabi aliitwa kazini, akarudi. Asubuhi aliyoanza tena nilikuwa nimekwenda kukabidhi funguo, na nilimkuta amesimama kwenye wavu na ndoo yake. "Mwangaluka, mayu," akasema. Yule fisi alikuja toka kivulini, akanywa maji karibu kabisa na mkono wake. Chuchu zake zilikuwa zimekauka.

Nilisogea nikavua kofia. Sijawahi kumwamkia mnyama, kabla ya hapo wala baada yake. "Mwangaluka, mayu," nikasema.

Aliinua kichwa, maji yakimtiririka mdomoni, akanitazama kwa muda. Kisha akageuka, sikio lake lililopasuka likiwa upande wangu, akarudi kivulini bila kumaliza maji. Hilo nililiona mwenyewe.