Mzee Bedan na Maji ya Jumamosi

Mzee Bedan wa mtaa wa Tassia, Nairobi, huchomelea milango ya vyuma ili apate riziki, lakini ukimuuliza kazi yake atakwambia ni kulea wanaume. Si watoto, wanaume! Watu wazima wenye ndevu. Kanisani kwao wanaume walikuwa wakija Jumapili kama wageni wa harusi, wanasikiliza, wanaenda zao, na kazi yote wanawaachia akina mama. Jambo hilo lilimkera mpaka basi. Akakusanya kikundi chake, akawaambia uongozi wa kanisa hauanzii kwenye maikrofoni, unaanzia mgongoni. Tangu hapo, kila Jumamosi wakimaliza kusoma Biblia, waliwapelekea wajane na wagonjwa maji mpaka mlangoni.

Na maji ya huku unayajua wewe. Mfereji ukitoa maji mtaa jirani wa Kware, watu hupigiana simu.

"Umeleta mitungi mingapi?" Hilo ndilo lilikuwa swali la Bedan kila Jumamosi, na aliyeleta mmoja alitazamwa juu mpaka chini. Muriuki hakutazamwa hivyo hata siku moja. Alikuwa keateka wa ploti moja ya ghorofa za kupanga huko Kware, anayekusanya kodi na kushika funguo za tangi, na alikuja na mkokoteni uliojaa mitungi. Bedan alimsifu mbele ya wenzake, akamsifu kwa pasta, akamsifu hata kwa wateja waliokuja kuagiza madirisha. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, walisema wahenga. Haya, sisi walokole tembo hatunywi, lakini sifa tunazipenda, tusidanganyane.

Ikafika siku ya kumsimika Muriuki awe mzee wa kanisa, wa kwanza kutoka mikononi mwa Bedan. Furaha ya Bedan usiniulize! Ilikuwa Jumamosi, na maji ya kupikia sherehe aliyaleta Muriuki mwenyewe kwa mkokoteni wake. Sasa, kanisa lile lina desturi yake, na Bedan mwenyewe ndiye aliyeipigania: hasimikwi mtu mpaka jirani asiye wa kanisa hilo asimame aseme anavyomjua. Maandiko yanataka kiongozi ashuhudiwe mema na watu wa nje, na Bedan hana mchezo na Maandiko. Kwa kawaida jirani husema "huyu ni mtu wa watu", anapigiwa makofi, anakaribishwa chakula.

Safari hii jirani alikuwa Halimo, Mama Luul, mwenye duka la nguo chini ya ploti ya Muriuki na chumba humo humo juu. Alikuja na hijabu yake, akasalimu kwa adabu. Akapewa chai. Akaitazama kidogo, kisha akairudisha kwenye sinia.

"Mama Luul," akasema Pasta Sylvance, "tuambie unavyomjua ndugu yetu."

"Ni kijana mpole. Hana matusi." Makofi! Muriuki akatabasamu. "Lakini mmeniita niseme kweli, na hii ni nyumba ya Mungu. Kila Ijumaa huyu hufunga koki, anatuambia tangi limekauka. Asubuhi tunamwona akiteremsha mitungi. Maji hayo ni ya wapangaji, tunayalipia pamoja na kodi. Bilan wa juu yangu amejifungua majuzi, na leo hana hata ya kumwogesha mtoto. Haya mliyopikia chai ni yetu. Ndiyo sababu sikunywa."

Wuuui! Mama mmoja aliyekuwa akimeza alipaliwa. Wengine walibaki na vikombe hewani, hawajui wanywe au wateme. Bedan alikuwa ameshamaliza kikombe cha pili. Akasimama, akashika kiti cha mbele.

"Muriuki. Sema si kweli."

Muriuki aliinamisha kichwa. "Mwalimu, ningekuja mikono mitupu? Ungenionaje?"

Bedan akalikumbuka swali lake la kila Jumamosi. Miaka yote ameuliza mingapi, hajauliza ya nani! Na si kwamba hakujua. Nani mitaa hii ya Eastlands hajui kwamba tangi la ploti ni la wapangaji? Kila mtu mle ndani alijua, akanyamaza, kwa sababu maji yalikuwa yakienda kwa wajane. Bedan aliona uchungu na aibu, vyote kwa pamoja, na hasira ilipomjia hakuona wa kumtupia ila yeye mwenyewe.

"Mzee," pasta akamwita taratibu, "wewe ndiye mlezi wake. Tuendelee?"

"Hatuendelei." Akawageukia wanaume wake. "Huyu alifanya nilichomfundisha. Zimeni jiko. Mitungi iliyobaki irudi kwa wenyewe, sasa hivi."

Basi wanaume wa Bedan wakabeba mitungi wakiwa na suti zao za sherehe. Muriuki alitangulia mpaka kwenye ploti akilia waziwazi, akafungua koki, na lo, tangi lilikuwa tupu kweli, alikuwa amelikomba lote. Bedan naye, magoti mabovu na yote, akapanda ngazi na mtungi mmoja mpaka kwa Bilan. Ndani mtoto alikuwa akilia. Bilan mwenyewe akafungua mlango.

"Mwanangu, tumekuletea maji," akasema Bedan kwa mazoea ya Jumamosi. Kisha akajisikia alivyosema, akaona haya. "Samahani. Ni maji yako."

"Najua," akasema Bilan. Akauburuta mtungi ndani, akafunga mlango.