Mama Pasi na Jembe la Siku ya Kwanza

Wahenga walisema hasira hasara. Wahenga hao, kwa heshima zao zote, hawakuwahi kuolewa na fundi bomba.

Mama Pasi aliolewa naye. Na asubuhi hiyo alikuwa amekaa kwenye kochi la watu, safari ya siku mbili kutoka kwake, viatu vipya vya kutembelea mguuni, mkoba mapajani, akiitazama miguu ya mumewe kupitia mlango wa jikoni. Miguu tu. Mwili uliobaki ulikuwa chini ya sinki.

"Baba, si ulisema unanawa mikono?"

"Nanawa," sinki likajibu.

"Saa nzima?"

"Mama, kuna wosha, kile kimpira cha koki, imekufa humu. Ungeisikia inavyolia, hata wewe usingeiacha."

"Mimi nalia mwaka wa thelathini, mbona umeniacha?"

Sinki likagonga spana. Nje, gari la saa tatu la kwenda kwenye maporomoko likapita likipiga honi, halikumngoja mtu.

Sasa ili uielewe hasira ya mwanamke huyu, na ni hasira ya kuvuliwa kofia, lazima kwanza uingie kwenye chumba cha kufulia cha hospitali. Kiko nyuma ya jiko, kina dirisha moja lisilofunguka, na juu ya dari bomba la mvuke lililofungwa vitambaa. Humo Mama Pasi alipiga pasi mashuka ya wagonjwa miaka thelathini na moja, amesimama. Hata madaktari hawakujua jina lake jingine. Fundi alikuja siku moja kuziba lile bomba. Likamchukua wiki tatu kwa kazi ya nusu saa, wakaoana.

Ukutani palikuwa na kalenda ya duka la rangi. Mwezi wa nane ulikuwa na picha ya maporomoko: maji meupe, baridi, yanaanguka kutoka juu bila kuulizwa na mtu. Mwaka ulipokwisha wenzake wakataka kuitoa. Aliyenyoosha mkono alioneshwa pasi ya moto. Basi ukutani hapo mwezi wa nane haukuisha kwa miaka kumi na tisa. Kila jasho lilipomwingia machoni, Mama Pasi aliinua kichwa, akaitazama picha, akasema: "Nikistaafu nitakwenda kusimama pale mpaka nilowe mifupa."

Wakastaafu mwaka mmoja, yeye na Fundi. Mpango ukawa wa raha mustarehe: wiki tatu, wakienda pole pole kwa basi, wakilala kwa wenzao wa hospitali waliostaafu kabla yao. Kwanza kwa dereva wa ambulensi, kisha kwa karani wa mapokezi, mwisho kwa mtunza stoo, ambaye nyumba yake iko mwendo wa saa mbili tu kutoka kwenye maporomoko yenyewe. Fundi aliapa kubeba nguo tupu. Mama Pasi akapekua begi, akakuta spana imeviringishwa ndani ya shati la harusi.

"Na hii?"

"Ya kujilinda njiani."

Kwa dereva walikuwa waende kuona ngome ya zamani. Ngome waliiona kwa mbali, kutoka juu ya paa, Fundi alipokuwa akibadilisha boya la tangi na Mama Pasi akimshikia ngazi huku akimtukana kwa upole. Kwa karani palikuwa na bustani ya wanyama. Mnyama pekee waliyemwona ni paka wa karani, ambaye alikuja kutazama choo kikifumuliwa. Siku zikaliwa. Walipofika kwa mtunza stoo zilikuwa zimebaki mbili, tiketi za kurudi zimeshakatwa, na magoti ya Mama Pasi, magoti ya kusimama miaka thelathini na moja, yalikuwa yameshamwambia kwamba mwakani yasihesabiwe.

Kuna msemo kwamba mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mtunza stoo hakusubiri hesabu. Jana yake aliwapokea getini kwa kicheko kikubwa: "Shemeji! Fundi! Karibuni, jisikieni mko kwenu!" Fundi hajavua hata kofia, mwenzake akaongeza: "Ila Fundi, kabla hujakaa, hebu sikiliza kidogo hilo bomba la bustani..."

Jembe hilo, mkononi, siku ya kwanza, na mpini wake.

Kwa hiyo gari la saa tatu likapita. Likabaki moja tu, la saa saba mchana. Mama Pasi akakaa akivimba kama chura hadi koo likakauka, akanyanyuka kutafuta maji ya kunywa. Bomba lilikuwa kavu. Fundi alikuwa amefunga koki kuu na, kama walivyofundishwa hospitali, ameung'oa mkono wa koki hiyo na kuutia mfukoni, asije mpumbavu akafungua mwenziwe akiwa chini. Mama Pasi akalifuata friji.

Kwenye mlango wa friji palikuwa na karatasi, imebanwa kwa sumaku. Mistari imepigwa kwa rula, herufi zimesimama kama askari. Mtu yeyote aliyewahi kupewa sabuni kutoka stoo ile angeujua mwandiko huo hata gizani. Imeandikwa:

*Wageni, wawili. Fundi: bomba la bustani, sinki, choo cha nje, tangi. Shemeji: mapazia ya sebuleni, mashuka ya akiba.*

Mbele ya bomba la bustani palikuwa na alama ya vema. Na mbele ya mapazia pia.

Hapo ndipo damu ilipompanda hadi masikioni, maana mapazia aliyashusha mwenyewe. Yalikuwa na mikunjo, na mikunjo humwasha Mama Pasi kama upupu. Mke wa mtunza stoo alisema, "Jamani dada, usijisumbue, wewe ni mgeni," na huku anasema, mkono mmoja unasogeza stuli na mwingine unachomeka pasi. Na asubuhi hii hii, kabla ya kuvaa viatu vipya, nani aliyaloweka mashuka ya akiba kwenye beseni? Na foronya kumi na moja za karani? Na shuka za dereva? Alikuwa akimshikia mumewe ngazi na kumtukana, na yeye mwenyewe jembe lake alilibeba kutoka nyumbani, limo mikononi.

Mtunza stoo akaingia jikoni, akasimama.

"Shemeji, unatafuta nini?"

"Jina langu, na nimelipata. Mimi ni mali ya stoo siku hizi?"

"Ah, hiyo ni mazoea tu, kuweka kumbukumbu..."

"Kumbukumbu! Umeniweka chini ya tangi!"

"Lakini shemeji, si mnapenda wenyewe? Karani alinipigia simu, akasema wale ukiwanyima kazi wanaugua. Tena kakusifia foronya, kasema zimekunjwa hadi anaogopa kuzilalia."

Kwa hiyo walipigiana simu. Watu aliowafulia makoti miaka yote hiyo walipokezana habari zao kama watu wanaoazimana baiskeli. Mama Pasi alikwenda kwenye sinki akaipiga teke ile miguu.

"Toka."

"Nimebakiza kukaza tu."

"Saa sita na nusu sasa. Gari linapita saa saba. Toka."

"Nikitoka hivi nyumba nzima haina maji, mama."

"Najua."

Fundi akachungulia, uso una tope, macho ya ujanja. "Unanifokea mimi. Na yale mapazia, nani kayapiga pasi? Jini?"

"Mimi! Ndiyo maana nina hasira mara mbili! Moja yako, moja yangu, na zote mbili nakumiminia wewe kwa sababu mimi mwenyewe sijifikii!" Akaunyanyua mkoba wake. "Mashuka yako kwenye beseni, yameloa. Sijayasuuza. Nayaacha hivyo hivyo."

Fundi akamtazama. Mwanamke huyu aliwahi kuondoka kwenye harusi ya mdogo wake kwenda kuanua shuka lililonyeshewa. Akatambaa akatoka chini ya sinki, akaiweka spana sakafuni, akajifuta mikono kwenye suruali.

"Twende," akasema.

"Fundi!" mtunza stoo akaita. "Fundi, na sinki?"

Hakuna aliyegeuka.

Wakalidaka gari la saa saba. Mama Pasi alitazama dirishani, taya zimekaza. Walipofika nusu ya safari, gari likasimama kuchukua abiria. Ng'ambo ya barabara lilisimama jingine linalorudi. Simu ya Fundi ikalia.

"Mkono wa koki uko wapi?" Sauti ya mtunza stoo ilisikika hadi kiti cha nyuma. "Nimetafuta kila mahali!"

Fundi akajipapasa. Mfukoni. Mazoea ya hospitali yalikuwa yamemfuata hadi kwenye basi. Akalitazama lile gari la ng'ambo, akanyanyuka nusu, kama mtu aliyeitwa msikitini. Mama Pasi hakumzuia. Alikivuta tu kitambaa kichwani, akageukia dirisha, na Fundi akaona kidevu chake kinacheza.

Akakaa.

"Ninao mimi," akasema kwenye simu. "Nitakuletea jioni."

"Jioni? Tutaoga nini? Tutapika na nini?"

Mama Pasi akainyakua simu. "Shemeji, kalamu unayo? Andika kwenye orodha yako: mkono wa koki, mmoja, umetoka stoo. Utarudi jioni. Na mashuka yasuuzeni wenyewe." Akakata. Gari la ng'ambo likaondoka.

Saa tisa walikuwa wamesimama kwenye ukingo, wameshika chuma cha kujizuia. Picha ya duka la rangi ilikuwa ya uongo; haikuwa hata robo yake. Maji yalinguruma hadi kifuani, manyunyu yakawalowesha nyusi, kola, viatu vipya. Fundi alisimama mdomo wazi muda mrefu sana kwa mtu wa aina yake. Kisha akainama sikioni mwa mkewe:

"Mama, hii nani kaiacha wazi?"

Mama Pasi alikuwa bado hajamaliza kukasirika, na hasira aliyoitolea jasho hivyo hakutaka ipotee bure. Lakini mabega yakaanza kucheza, na hayakuomba ruhusa.

Nyuma yao, ukutani, palikuwa na bomba la wageni la kunywea maji. Tone. Tone. Tone.

"Usithubutu," akasema.

"Sijasema kitu."

"Shingo yako imesema."

Fundi akaligeuzia bomba mgongo, mikono ameikumbatia kifuani kama mtu aliyefungwa kamba. Mama Pasi akacheka kwa dharau, akatazama chini. Mikononi alikuwa na koti alilovua mumewe lilipoloa, na bila kujua amelikunja pembe kwa pembe, mikono ndani, kola juu, kama la kupeleka wodini.

Akalikung'uta likafunguka lote, akalifinyanga kama gunia, akamtupia begani.

"Shika koti lako," akasema, akaurudisha uso kwenye manyunyu.