Tai Aliyemfuata Mdogo Wangu

Kwetu upande wa Wamaza, mwindaji habebi matumbo ya mnyama hadi nyumbani. Humpasua palepale, akayaacha juu ya majani kwa ajili ya tai, akasema asante. Tai wetu alikuwa yule mwenye uso mwekundu na mkia mfupi. Miaka mingi alifuata mitego yangu ya waya, nami nilitamba kijijini utadhani nimeoa binti wa chifu.

Kisha mdogo wangu akarudi kutoka Salamabila na bunduki. Risasi alijitengenezea mwenyewe: aliyeyusha vyuma vya betri mbovu za magari ndani ya kopo la sadini, akamimina vidonge. Mimi nikipata paa mmoja kwa juma, yeye watatu. Tai akanihama.

“Yaya, ona! Ndege yako iko inanifwata miye,” alinicheka mimi kaka yake mbele ya mke wangu.

Wivu ni kidonda, ukiushiriki utakonda. Mimi nilikonda hadi mkanda ukataka tundu jipya.

Siku moja nilikuwa Kasongo, fundi akiziba tairi la baiskeli yangu huku redio yake ikiongea. Daktari wa mifugo alieleza kwamba chembe za risasi hubaki matumboni mwa mnyama aliyepigwa. Ndege akizila, sumu humwingia damuni, mabawa yakalegea. Wawindaji wayafukie matumbo, alisema. Nilifurahi. Nasema kweli, nilifurahi. Nilidhani tai akionja uchungu wa bunduki ataiacha, arudi kwenye waya. Nikafika nyumbani nikanyamaza.

Na kweli alirudi. Asubuhi moja nilimkuta kwenye mtego wangu, amekuja kwa miguu, akiburura mabawa ardhini. Nilimpasua upesi paa aliyenaswa, nikamwekea ini mdomoni. Likaanguka. Nikamwekea tena. Jua lilipofika utosini alikuwa amekufa.

Nilimbeba hadi kwa mdogo wangu. Alikaa chini, akamshika, akalia bila haya.

“Nani alimuroga, yaya?”

“Hakuna mutu. Ni risasi yako, iko inabaki mu matumbo. Inafaa kuyafukia.”

Alifuta machozi kwa kiganja, akanitazama.

“Ulijua tangu wakati gani?”

Nilimjibu: tangu tulipopanda mpunga. Nyuma yake, uani, mkewe alikuwa akiutwanga.