Karavani ya Mtsweni na Nguzo Zisizochimbiwa

Kwa miaka ishirini na miwili Vusumuzi Mtsweni alisimamisha mabomba marefu kuliko minara ya makanisa, na katika miaka yote hiyo hakuchimba hata shimo moja. Kazi yake haikutaka shimo. Alikuwa mfunga majukwaa. Mtambo wa umeme ukizimwa kwa matengenezo, yeye na wenzake ndio walioingia kwanza, wakaunganisha mabomba kwa klampu, vibanio vya chuma, na spana mpaka juu ya tanuru, ili mafundi wengine wapate pa kusimama. Chini ya kila bomba sahani ya chuma, chini ya sahani kipande cha ubao, basi. Siku sabini za matengenezo zikiisha wanabomoa kila kitu, wanafagia, wanaondoka, na ukipita pale huwezi kujua kama kuna mtu aliwahi kukanyaga.

Mitambo ya Lethabo, Tutuka, Majuba, kote huko alipita. Na kote alilala ndani ya karavani, nyumba ndogo ya magurudumu ya kuvutwa na pikapu, aliyoinunua kwa Mzungu mmoja wa mji wa Bethal aliyechoka kwenda nayo baharini.

Kuhama hakukumsumbua. Alizaliwa kwenye shamba la watu, ambako baba yake alilima mahindi ya mwenye shamba, na shamba lilipouzwa wao waliondolewa pamoja na sufuria zao. Alipofika miaka tisa alikuwa ameishi mashamba manne. Shule aliiachia darasa la tano, kwa kuwa kila alipoanza kumzoea mwalimu, trekta lilikuwa limeshafika kuwabeba.

Nyumba ya mjini Kriel aliinunua yeye, lakini aliyekaa ndani yake ni mkewe, MaSkosana, mpishi wa shule. Ni yeye aliyewalea mabinti watatu, mpaka wa mwisho, Zodwa, akaolewa. Jikoni kwake kulikuwa na shelfu lililosimama juu ya matofali, limeegemea ukuta. Mtsweni alilileta mwaka ule walipohamia, akasema, "Nitalipigilia nikirudi." Alirudi mara nyingi. Shelfu lilibaki juu ya matofali, na kila MaSkosana alipochukua chumvi alilishika kwa mkono mmoja lisimwangukie. Vusumuzi, kwa lugha yao, maana yake ni "simamisha mji", na MaSkosana hakuacha kumkumbusha. "Baba Zodwa, jina hili walikupa bure. Hata shelfu limekushinda."

Mwezi wa nane goti lake likamsaliti. Kampuni ikamshukuru, ikampa blanketi na cheti. Akaiingiza karavani uani, akaiegesha kando ya ukuta, akaja mezani akakaa.

"Nimerudi," akasema. "Siondoki tena."

MaSkosana alikuwa anapakua ugali. Hakuinua macho. "Mimi nimesikia. Sijui kama magurudumu nayo yamesikia."

Mtsweni alikusudia kukaa, kweli. Lakini mwili haukujua. Saa kumi alfajiri macho yako wazi, buti ziko miguuni, na hakuna lori la kumchukua. Alizunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Alitikisa geti kuona kama bawaba zimelegea. Alikaza nati za bomba la maji, akazilegeza, akazikaza tena. Akiketi barazani, goti zima lilicheza lenyewe, na lile bovu likaliitikia.

Mwezi wa kumi ulikaribia, na kwenye nyanda zile mwezi wa kumi unakuja na mvua ya mawe. Mwaka uliopita mawe yalivunja vioo vya mtaa mzima. Paa la karavani ni bati laini, ukilibonyeza kwa kidole linabonyea.

"Iuze," MaSkosana alisema.

"Nikiiuza sasa nitaambulia nini? Kwanza niifunike. Kitu kilichopigwa mawe nani atakinunua?"

Jibu lilikuwa zuri mno, limetoka haraka mno. MaSkosana aliendelea kuchambua maharage.

Mtsweni akaenda kwa jirani, Mzee Hannes, mgane aliyestaafu mgodini na ambaye likizo zake zote zilipita kwenye karavani. Yake ilikaa chini ya bati, juu ya nguzo nene.

"Kuna mkulima huko njia ya Ogies anakodisha banda," Hannes akasema. "Lakini utalipa kila mwezi mpaka ufe, na panya watakula magodoro yako bure."

"Bati kama lako je?"

"Bati zuri. Nilijenga nikiwa na mshahara. Wewe una blanketi na cheti."

"Basi nitaifunika kwa turubai."

Hannes akacheka mpaka akakohoa. "Turubai! Upepo utalisugua mpaka rangi itoke, na ndani karavani itatoka jasho, ioze. Karavani inapumua, Mtsweni. Ungependa MaSkosana akufunike wewe turubai?"

"Siku hizi naona anafikiria."

"Weka neti ya kivuli, ile nene inayofumwa. Maji yatapita, mawe yatakwama. Nguzo sita, mashimo sita ya sentimita sitini, saruji kidogo. Ni bei rahisi. Shida ni kuchimba tu."

Neti aliinunua. Mabomba hakuwa na haja ya kununua, maana kampuni iliwahi kuwagawia yale yaliyopinda, na alikuwa nayo nyuma ya nyumba. Siku mbili tu, uani pakasimama kitu cha kupendeza: nguzo sita wima, pima maji haikuona kosa, mabomba ya kukingama, neti imevutwa kwa mteremko. Chini ya kila nguzo sahani ya chuma, chini ya sahani ubao.

Hannes aliegemea ukuta wa mpaka. "Mashimo yako wapi?"

"Jukwaa halichimbiwi, mzee. Linafungwa kwenye kitu kizito." Akamwonyesha waya alizozungusha kutoka kwenye nguzo hadi kwenye chuma cha chini cha karavani.

Hannes alikuna kidevu. "Yaani banda linaishika karavani, na karavani inalishika banda."

"Ndiyo."

"Na karavani ina magurudumu."

"Ina breki. Na nikitaka nalibomoa lote kwa dakika arobaini."

"Nani amekuuliza habari za kubomoa?"

Mtsweni akafungua sanduku lake la vifaa. Akachukua kadi ya kijani, ile wanayotundika kazini kuonyesha kwamba jukwaa ni salama, akaandika tarehe, akaitundika kwenye nguzo ya mbele. Kadi hiyo hudumu siku saba, halafu jukwaa hukaguliwa upya. Kuanzia hapo kila Ijumaa alikagua banda lake mwenyewe, akalisainia mwenyewe. MaSkosana alikuwa amesimama mlango wa jikoni na beseni, na yale ya dakika arobaini alikuwa ameyasikia.

Jumatano moja simu ikalia. Alikuwa Madoda, fomeni aliyekuwa akiwasimamia kazini.

"Mtsweni! Bado unalea goti? Kuna mtambo unazimwa Jumatatu. Siku sabini. Sikutaki juu, nakutaka chini, uwasimamie hawa vijana wanaofunga klampu kama wanafunga viatu."

Moyo wa Mtsweni ukaruka kama mbuzi aliyefunguliwa kamba. "Nitakupigia," akasema.

Hakupiga. Wala hakumwambia mkewe. Alijiambia anafikiri, lakini mikono yake ilikuwa imekwisha fikiri. Alhamisi alipaka grisi beringi za magurudumu. Ijumaa alijaza matairi upepo, kisha akaenda kwa Hannes kurudisha pampu, akaacha simu jikoni.

Aliporudi MaSkosana alikuwa amesimama mbele ya karavani, anagonga tairi kwa ncha ya kiatu.

"Matairi yamenona."

"Tairi lisilo na upepo linapasuka likikaa."

"Ahaa." Akaligonga tena. "Basi hata lenye kukaa linajiandaa."

Jumamosi mchana mbingu upande wa kusini ikageuka rangi ya chubuko, ya kijani iliyochanganyika na zambarau. Ndege wakanyamaza. Mtsweni akatoka kukaza waya. Jiwe la kwanza lilianguka kwenye bati la Hannes, likalia kama risasi, kisha yakaja mengine, kisha yakaja yote.

Neti ilifanya kazi yake. Mawe yalidunda juu yake, yakabingirika kwenye mteremko. Ila upepo nao ukaja, na haukupita juu. Uliingia chini ya neti, ukaijaza kama shavu la mtu anayepuliza moto, na banda zima likanyanyuka. Nguzo ya mbele ikatoka juu ya ubao wake, ikacheza, ikatua kwenye matope. Waya zikakaza. Karavani ikalia, ikajongea nusu hatua kuelekea getini, breki na yote.

Mtsweni akalikumbatia bomba kwa mikono yote miwili. Miguu yake ikaacha ardhi, ikarudi, ikaacha tena.

"MaSkosana!"

Alitoka mbio, beseni la kufulia kichwani, mawe yakilipiga kama ngoma. "Achia hilo dude litakuua!"

"Uzito! Linataka uzito! Ingia ndani ya karavani!"

"Mimi ndiye uzito?"

"Ingia, mama, nakuomba!"

Akaingia na beseni lake. Karavani ikashuka kidogo, ikatulia. Banda likapigapiga mara tatu nne, kila mara chini zaidi, hadi upepo ukachoka na kubaki mvua tupu. Nguzo mbili zilikuwa zimepinda, lakini paa la karavani halikuwa na alama hata moja.

Mtsweni akaingia akichuruzika, nundu kwenye paji la uso, tayari kucheka. MaSkosana hakuwa anacheka. Aliketi ukingoni mwa kitanda, mahali ambapo hakuwahi kuketi miaka yote ile, akitazama ukutani.

Pale palikuwa na shelfu. Limefungwa kwa skrubu nne, pembe zake zimesuguliwa zisimchubue mtu, na mbele lina kijiti cha kuzuia vikombe. Chini yake kulabu ya sufuria, skrubu mbili. Mahali pa kiberiti. Mahali pa Biblia. Hakuna kitu kilichoegemezwa, wala hapakuwa na tofali.

Akanyoosha mkono, akalishika shelfu, akalitikisa. Halikutikisika.

"Kumbe unajua kupigilia," akasema.

"Karavani inatikisika barabarani," Mtsweni akajibu. "Usipofunga, vitu vinaanguka."

"Na nyumba yangu haitikisiki? Nimetikisika humo miaka ishirini na miwili, na watoto watatu."

Mvua ilipiga neti. Mtsweni alitafuta pa kuweka mikono yake, akakosa.

"Jana fomeni wako alipiga simu ukiwa kwa Hannes," MaSkosana akaendelea, bila kupandisha sauti. "Ameniambia nikukumbushe overoli. Nilikaa nikingoja uniambie mwenyewe. Nikaona umekuja kuniambia habari za matairi."

"Mama Zodwa, nilikuwa nafikiri..."

"Sikufungi. Ulisema banda linabomoka kwa dakika arobaini, na leo ni Jumamosi, muda unao wa kutosha." Akachukua beseni lake, akashuka. Mlangoni akageuka. "Ila ukitoka nayo getini, Baba Zodwa, itoke na kadi yako ya kijani. Mimi sitaki tena kukaguliwa kila baada ya siku sabini."

Usiku ule walikula kila mtu na sahani yake. Jumapili asubuhi MaSkosana akavaa sare yake ya kanisa, akaenda bila kuaga.

Mtsweni akatoka uani na spana. Akasimama mbele ya nguzo ya kwanza. Klampu tatu tu. Mkono wake ulizijua zote, ungeweza kuzifungua akiwa amefumba macho. Alifungua moja. Akasikia raha ya nati inapolegea, ile raha ya asubuhi ya mwisho, kila mtu anapakia vyake, barabara iko mbele. Akaishika klampu mkononi, nzito, yenye ubaridi. Nguzo, iliyokuwa imepinda, ikaegemea bega lake kama mlevi.

Hapo pa kuwekea klampu palikuwa pengi. Pa kuegemeza nguzo hapakuwepo. Akasimama nayo vile begani, akaukumbuka mkono wa MaSkosana kwenye shelfu, akaona aibu kama mtu aliyefumaniwa.

Halafu akailaza chini, akampigia Madoda kumwambia haji. Maneno hayakuzidi manne. Akaenda ukutani, akaita, "Mzee Hannes! Nipe mtaimbo."

Ardhi ilikuwa laini kwa kiganja kimoja tu. Chini yake kulikuwa na udongo mwekundu ulioshikana kama tofali. Mtaimbo uliruka, ukamrudi mikononi. Goti lilimtukana. Hakujua hata asimameje. Mwanzo alisimama juu ya mahali penyewe alipotaka kuchimba.

"Kwa mwendo huo," Hannes alisema kutoka ukutani, mkononi biskuti ngumu, "Krismasi itakukuta shimo halijafika gotini."

"Njoo uchimbe wewe."

"Mimi nilishachimba. Tena niliapa sirudii."

MaSkosana aliporudi, mashimo mawili yalikuwa yamekamilika na la tatu lilikuwa kama lililochakurwa na kuku. Mumewe alikuwa mwekundu kwa udongo hadi kwenye nyusi. MaSkosana akasimama ukingoni mwa shimo na viatu vyake vya kanisa, akachungulia.

"Urefu gani?"

"Sitini."

"Na hizi nguzo za mbele? Karavani itatokaje?"

"Nimeziachanisha. Mwezi wa kumi na mbili tunaweza kuitoa, mimi na wewe, tukaone bahari. Kisha inarudi."

MaSkosana akafuta tope kwenye kiatu. "Na shelfu langu?"

"Saruji ikishika, nitaanza..."

"Shelfu langu lina saruji?"

Mtsweni akaazima drili ya Hannes, akaingia ndani na matope yake yote. Alikuwa anatoboa tundu la tatu lori la kampuni lilipopita barabarani, limejaa mabomba, likielekea mtamboni. Mlio wake aliujua. Drili ikanyamaza. Goti zima likaanza kucheza. MaSkosana alikuwa amelishika shelfu kwa chini, amelisawazisha, anangoja, wala hakugeuka kutazama dirisha. Lori likapita mpaka sauti ikaisha.

"Mikono inauma," MaSkosana akasema.

Drili ikalia tena. Skrubu ya nne ilipoingia, akaachia pole pole kama aliyezoea kuangukiwa, kisha akaweka chumvi juu yake. Mtsweni, bila kufikiri, akaingiza mkono mfukoni akatoa kadi ya kijani na kalamu.

MaSkosana akamnyang'anya. "Hii peleka huko nje," akasema. "Na lile shimo la tatu ulimalize kabla ya chakula."